Sahani Isiyo na Picha

Otilia Yescas alipokaanga pilipili za mchuzi wa mole nyeusi, stendi nzima ya San Jacinto ilikohoa. Pilipili zile hukaangwa juu ya kikaango cha udongo mpaka zikauke na kubadilika rangi, mbegu zake zikachomwa hadi ziwe mkaa mtupu, na moshi wake huwasha koo kama umemeza kaa la moto. Abiria waliotoka pwani walianza kupiga chafya kabla basi halijasimama. Quirino, dereva wa basi la Jiji la Mexico, alikuwa na kawaida ya kuteremka huku amejiziba pua kwa kofia na kuuliza leo amekufa nani.

"Utakufa wewe usipokaa kitako ukala," Otilia alimjibu kila mara, na kumwekea sahani kabla hajaagiza.

Mchuzi ule si wa kila siku. Ni wa harusi, wa mazishi, na wa meza ya marehemu. Lakini Otilia, ambaye Mungu amlaze pema, aliupika hata Jumanne isiyo na sababu, kwa kuwa mwanawe Nazario aliupenda kuliko kitu chochote duniani ukiondoa mpira wa kikapu. Watu wengine hunyunyiziwa ufuta uliokaangwa juu ya mchuzi wakati wa kupakua. Nazario hakuutaka. Alisema unakwama kwenye meno, na mwalimu hawezi kusimama mbele ya wanafunzi akiwa na ufuta kwenye meno. Alianza kusema hivyo tangu hajawa mwalimu, akiwa bado ana mapengo.

Walikuwa wawili tu pale nyumbani. Baba mtu alikwenda kaskazini kuchuma nyanya na huko akapata mke mwingine, na Otilia hakumtaja tena isipokuwa kwenye rozari, alipowaombea wote walio safarini. Kibanda chake cha chakula kilikuwa ukutani mwa stendi, meza mbili na benchi, na nyuma yake chumba walicholala. Mtoto alikua kati ya mabasi. Aliweza kulitambua basi kwa mlio wa breki zake.

Alipohitimu ualimu alipangiwa shule ya milimani, paa limetoboka, watoto wanahamisha madawati mvua ikinyesha. Aliporudi likizo alikuwa na maneno mengi na usingizi mchache. Kisha walimu wa mkoa mzima wakakubaliana kushuka mjini Oaxaca, kukaa uwanjani mbele ya jumba la serikali mpaka wapewe mapaa na vitabu. Otilia alimfungia chapati za mahindi zile kubwa na kavu ambazo hazichachi njiani, maharage ya kusonga, jibini, na panzi waliokaangwa kwa ndimu na chumvi. Akiwa anafunga kitambaa alimuuliza wasiposikilizwa itakuwaje.

"Basi tutapiga kelele zaidi, mama," Nazario alisema, akacheka, akapanda basi la Quirino.

Siku waandamanaji walipotawanywa kwa moshi na virungu, watu walimwona Nazario akisukumwa ndani ya gari lisilo na namba, yeye na kijana mmoja aitwaye Ubaldo. Gari likakata kona nyuma ya kanisa. Hakuna aliyewaona tena, si hospitalini, si magerezani, si katika vyumba baridi ambako Otilia alifunuliwa nyuso za watoto wa wanawake wengine na kila mara akatoka akiona haya kwa jinsi alivyomshukuru Mungu.

Huko ndiko alikokutana na Casilda, mama yake Ubaldo. Casilda alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mwenye ulimi wa moto, na ni yeye aliyewakusanya akina mama. Ndiye aliyeshona mabango ya nguo ambayo hayakuchanika kwa upepo, kila moja na uso wa kijana, na chini yake maneno yaleyale: ALITOKA HAI, ARUDI HAI. Kila mwezi walipanda basi kwenda Jiji la Mexico, wakasimama katika uwanja mkubwa mbele ya ikulu, wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Akatoka afisa. Kila baada ya muda alikuwa afisa mpya, kijana zaidi kuliko yule wa kabla, mwenye sauti laini, akiwaambia kuwa jambo lao linashughulikiwa. Kisha akina mama wakala walichobeba, wakapanda basi, wakarudi.

Otilia ndiye aliyebeba chakula. Njia nzima aliipima kwa vyakula: panapouzwa uji wa mahindi wa mapema, panapopanda wanawake wenye nyama ya mbuzi iliyookwa ndani ya majani ya mkonge, panapoanza chapati za mahindi ya bluu, ambazo Casilda alizidharau akisema ni za watu wa baridi. Katika safari zile walicheka mno. Mtu angedhani wanakwenda kuhiji. Ila wakikaribia jijini kimya kiliingia, na kila mmoja alilikunjua bango lake na kumtazama mwanawe kana kwamba anamkagua uso kabla ya kwenda shule.

Palikuwa na sheria moja ambayo Casilda hakuruhusu ijadiliwe. Picha ya aliyepotezwa haiwekwi kwenye meza ya marehemu. Kila nyumba ya pale, Novemba inapoingia, huweka meza: mishumaa, ubani, mkate, chokoleti, chakula alichokipenda marehemu, na picha yake katikati. Maua ya manjano humwagwa kutoka mlangoni hadi mezani ili asipotee. Sasa mama akiweka pale picha ya kijana wake, amesema mwenyewe kuwa kijana ni maiti. Na serikali ikishasikia mama mwenyewe amekubali, italifunga jambo na kwenda kulala.

"Siku utakayomwashia mshumaa," Casilda aliwaambia, "ndiyo siku utakayokuwa umemzika kwa niaba yao."

Otilia aliona ni kweli, akatii. Lakini kutii kule kulimla. Kwa maana mole nyeusi aliiacha kabisa; hakuwa na moyo wa kuwasha moshi ule. Wageni waliposhushwa stendi na mtembezaji wao, wakitafuta chakula halisi cha Oaxaca, aliwapa mole ya njano, nao wakaisifu na kupiga picha chungu. Mmoja aliuliza ile nyeusi iko wapi, kwa kuwa aliisoma. Otilia alisema imekwisha. Akaona ajabu kwamba hakuwa amesema uongo.

Hata kanisani palimbana. Alipokwenda kumwombea mwanawe misa, katekista alimuuliza kama kawaida: anaombewa kama aliye hai au kama marehemu? Maana kuna majina yanayosomwa hapa na yanayosomwa pale. Otilia alisimama amelishika shela lake kwa mikono miwili. Akasema aandike Nazario, Mungu mwenyewe anajua amsomee wapi. Katekista alisita, kisha padri akasema liwe hivyo. Tangu siku hiyo jina la Nazario lilisomwa peke yake, baada ya wagonjwa na kabla ya marehemu, na kila liliposomwa Otilia alihisi kama mtu aliyeachwa amesimama mlangoni.

Mwaka wa saba waliamua kufunga barabara. Akina mama walisema kelele za jijini zimezoeleka kama kelele za njiwa, basi nchi na isimame kidogo. Wakaweka mawe na matairi penye daraja la San Jacinto, mabango mbele. Mabasi yakapangana hadi yakapotea kwenye kona. Jua lilipanda, watoto wakaanza kulia, na Otilia hakuweza kuvumilia. Alitoa vyungu vyake akapita dirisha kwa dirisha akilisha watu aliokuwa amewazuia yeye mwenyewe. Casilda alimwita msaliti mwenye mwiko. Watu walicheka, hata waliokasirika.

Ndipo akafika kwenye gari dogo, ndani yake mwanamke mwenye mama yake mgonjwa amemlaza kiti cha nyuma. Hakutaka chakula.

"Mama, pole na mwanao," mwanamke alisema. "Lakini kwani ni mimi niliyemchukua?"

Otilia aliweka chungu chini. Alikwenda mwenyewe akayasukuma mawe kwa mguu mpaka gari likapita, na Casilda, aliyekuwa anakuja kugomba, alipomwona yule mgonjwa akashika jiwe upande wa pili akasaidia. Jioni barabara ilifunguliwa. Redio ilitaja mabasi yaliyochelewa. Nazario na Ubaldo hawakutajwa. Tangu siku hiyo Otilia aliendelea kwenda ikulu kila mwezi, hakukosa hata mara moja, lakini alianza kujua kwamba bango lile lina mahali linapofika na kukoma. Liliweza kusimamisha mabasi. Halikuweza kumwambia kama mwanawe ana njaa.

Hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote. Akiwa hai, analishwa nini? Na akiwa amekufa, je, kila Novemba anashuka na wenzake, anapita nyumba kwa nyumba akiona wengine wakiitwa mezani, anafika kwa mama yake na kukuta hana sahani?

Mwaka wa tisa, Oktoba ilipokuwa inaisha, stendi ya San Jacinto ilikohoa.

Quirino aliteremka na kofia puani, lakini hakuuliza chochote. Alivua kofia. Otilia alikuwa ameinama juu ya kikaango, macho yanamtiririka, akigeuza pilipili moja moja. Alichoma mbegu, akachoma na chapati ya mahindi mpaka ikawa nyeusi, akasaga vyote na chokoleti na majani ya mparachichi, akakaanga kwa mafuta ya nguruwe, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi.

Alikuwa ameipata njia yake. Kwenye meza za kwao kuna sahani moja isiyo ya mtu wa nyumba. Ni ya roho ya mpweke, ile isiyokumbukwa na yeyote, na haina picha kwa kuwa hakuna anayeijua sura yake. Otilia aliweka picha ya mama yake na ya baba yake, kama kila mwaka, na pembeni sahani ya mpweke. Akaijaza mole nyeusi na paja la bata mzinga. Za wazazi wake alizinyunyizia ufuta. Ile ya pembeni hakuinyunyizia.

Casilda alifika siku ya Watakatifu Wote, akipita kuchukua chapati za safari ya mwezi huo. Alisalimu mlangoni, akakanyaga ukingoni ili asivuruge maua, akapiga magoti mbele ya picha za wazee. Alipoinuka alisimama akiitazama ile sahani.

"Mama Nazario," alisema taratibu. "Huyu mpweke wako hali ufuta?"

Otilia alikuwa anafuta chungu. Aliendelea kufuta.

"Nimekuuliza."

"Ni sahani ya mpweke, Mama Ubaldo. Kila nyumba inayo."

"Usinichezee akili. Nimekula na wewe kwenye basi miaka tisa. Habari za ufuta na meno nazijua kuliko sala ya Baba Yetu." Casilda aliinyoshea sahani kidole. "Umemuua. Tumesimama kwenye jua lote lile, kumbe wewe umekuja kumuulia huku nyumbani, kimyakimya, kwa kijiko."

"Picha sijaweka," Otilia alisema. "Jina sijalitaja. Mshumaa wake haupo. Nimetii kila kitu ulichosema. Lakini mimi ni mama yake, na sijui kama amekula. Wewe unajua kama Ubaldo amekula?"

Casilda alichukua mfuko wa chapati akaondoka, na hakuaga, jambo ambalo hata kwa maadui halikuwa kawaida yake.

Watu wa kule wanaamini kwamba marehemu hula harufu na ladha. Meza inapoondolewa, baada ya misa ya Siku ya Marehemu Wote, chakula hugawiwa majirani, na wazee huonja wakasema kimepoteza ladha, kimekuwa kama pamba mdomoni. Basi hufurahi, kwa kuwa wapendwa wao walikuja wakashiba. Otilia hakuwa ameliwaza hilo alipokuwa akipika. Alilikumbuka akiwa kanisani, katikati ya majina. Chakula kikiwa kimepoteza ladha, Nazario amekuja. Na akiwa amekuja, amekufa.

Aliporudi nyumbani aliiondoa meza. Alionja sahani ya mama yake, ikawa butu kama kila mwaka, akajipiga ishara ya msalaba. Ya baba yake pia. Ile ya pembeni aliishika kwa mikono miwili akatoka nayo hadi kwenye benchi ya nje, akakaa, akaiweka magotini. Aliinua kijiko, akakishusha. Akaomba, si kwa maneno. Mara ya pili kijiko kilifika karibu na midomo, harufu ikamjia, au alidhani imemjia, naye akakirudisha haraka kama kimemchoma.

Basi la Quirino likaingia. Dereva yule alikuja kama kawaida, akaona sahani, na kwa kuwa siku ile hakuna mpita njia anyimwaye chakula cha meza, akanyosha mkono. Otilia alimwangalia. Huyu ndiye aliyempeleka Nazario ile safari ya mwisho. Akampa.

Quirino alikula amesimama. Alikula kimya, akang'ata paja mpaka mfupa, akafuta mchuzi kwa chapati, na Otilia hakuyaondoa macho mdomoni mwake.

"Ina ladha?" alimuuliza, na sauti haikuwa yake.

"Ladha?" Quirino alipangusa jasho kwenye paji la uso. "Mama, ulimi wangu unawaka. Miaka tisa nimeisubiri hii."

Otilia alijifunika uso kwa shela akalia kwa sauti, na Quirino, asiyejua alichofanya, alibaki amesimama na sahani tupu mkononi akimpa pole.

Furaha ile ilidumu mpaka alipoanza kuosha vyombo. Ladha ilikuwepo, basi Nazario hakuja, basi yu hai. Alilisema moyoni mara kadhaa, na kila mara lilipungua uzito. Maana mtoto wake alilelewa vizuri. Hakuwa mtu wa kula sahani ya mwingine. Kama alifika mlangoni akaona picha ya bibi na ya babu, na pembeni sahani isiyo na uso wala jina, angedhani ni ya mpweke, akaiacha, akapita. Yeye mama hakumwita. Kwa ajili ya kumtafuta akiwa hai hakumwita kwa jina, na kwa hiyo hata mole ile haikuweza kumjibu.

Safari ya mwezi ule ilikuwa ya baridi. Otilia alipopanda basi, kiti cha pembeni ya Casilda kilikuwa wazi, bango la Ubaldo limewekwa juu yake kumshikia nafasi. Alikaa. Walipita panapouzwa uji, walipita wanawake wa nyama ya mbuzi, hawakusemezana. Walipofika kwenye chapati za bluu Casilda alinunua mbili, akampa moja. Alikuwa hajawahi kuzinunua.

"Ilikuwaje?" aliuliza, akitazama dirishani.

Otilia alijua anaulizwa nini. Alimwambia ilikuwa na ladha yote, na kwamba haimaanishi kitu, na kwa nini. Casilda alisikiliza mpaka mwisho, akitafuna polepole.

"Ubaldo hali bata mzinga," alisema baadaye. "Umwekee kuku."

Kisha alilikunjua bango, akalifuta vumbi kwa kiganja, na walipofika uwanjani alipiga kelele kuliko wote, kama siku zote, kwamba alitoka hai na arudi hai. Otilia alisimama kando yake akapiga kelele naye. Akatoka afisa mpya.

Miaka iliyofuata sahani za pembeni zilikuwa mbili, na kwenye basi hapakuzungumzwa habari zake. Otilia hakuonja tena. Alimpa Quirino zote mbili, na hakumuuliza chochote.

Mei iliyopita Otilia alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akapokea sakramenti akiwa na akili zake timamu. Aliwaambia ndugu zake wasije wakapungukiwa pilipili nyeusi, kwa kuwa watu wa mazishini watakuwa wengi, na kweli walikuwa wengi, nusu yao madereva. Akasema picha yake waiweke mezani, hiyo hana neno nayo, lakini ya Nazario wasiiweke mpaka Casilda aseme, na Casilda hatasema. Sahani yake tu iendelee kuwekwa.

"Nikimkuta huko nitakuja naye nimemshika mkono," alisema. "Hatahitaji picha. Atakaa nami."

Mwaka huu, basi, picha ya Otilia iko katikati, amevaa shela lile. Pilipili zilikaangwa na dada zake, stendi ikakohoa, na maua yamemwagwa kutoka ngazi ya basi hadi ndani, kwa kuwa ndiko wote wawili walikotokea siku zote. Sahani yake ina ufuta. Ile iliyo karibu nayo haina. Casilda amekuja asubuhi na kuku wake ndani ya kitambaa, amemweka mwenyewe, na tangu hapo amekaa kwenye benchi, rozari mkononi, hataki kuondoka mpaka meza itakapoondolewa.